Kona Inayogombewa Jina

Hapo zamani, na asiniulize mtu ni mwaka gani, maana mwenye shida ya mwaka akatazame kalenda yake ukutani, palikuwa na barabara ya changarawe iliyotoka tambarare ikapanda mpaka kijiji cha Changuku, juu kwenye milima ya Upare. Mpo? Kama mpo itikieni basi, nisije nikawa nasema na ukuta. Haya. Na wewe unayetafuna muwa hapo nyuma, tafuna polepole, nataka nijisikie mwenyewe.

Barabara ile ilikuwa na kona nyingi, na kila kona ilikuwa na jina. Si jina la serikali, ni jina la makonda na madereva. Desturi yao ilikuwa hivi: kona inaitwa kwa kile kilichoanguka pale kwanza. Lilianguka lori la sabuni, pakawa Kona ya Sabuni, na kijiji kizima kikafua mpaka mapazia ya kanisani. Ikaanguka pikapu ya mchungaji aliyebeba mbuzi, pakawa Kona ya Mbuzi. Mchungaji alitoka mzima, na ninavyosikia alinuna kidogo kwamba aliyekumbukwa ni mbuzi.

Hizo watu walizicheka. Lakini palikuwa na moja ambayo hakuna aliyeicheka, nayo iliitwa Kona ya Senkondo.

Senkondo alikuwa dereva wa lori la tangawizi, kijana mpole, mpiga honi maarufu. Siku hiyo alikuwa anashuka na mzigo. Barabara hapo ina mnyoofu mrefu, inakubembeleza, unajiona umefika. Halafu ghafla inakugeuka. Upande wa ndani wa kona kuna kilima, na kilima kimejaa migomba ya Mzee Mrutu, huoni kinachokuja. Upande wa nje kuna korongo. Senkondo alipoingia konani akakuta gari lingine linapanda, hawakuonana mpaka wameshafikiana. Akalikwepa. Lori likatoka nje, likaenda na tangawizi yake yote. Harufu ilikaa korongoni mpaka mvua zilipokuja.

Alimwacha mke, Nakiete, na mimba.

Sasa sikilizeni jambo hili, maana hapa ndipo hadithi yangu inapobana. Nyumba ya Nakiete iko jirani kabisa na kona ile. Kituo chake cha kushukia ndicho hicho. Kila akipanda gari kutoka sokoni, konda anapaza sauti, "Senkondo kuna mtu? Senkondo!" Na mwenye kushuka sharti aitikie, "Senkondo, shusha!" Yeye mjane aseme hivyo? Aombe ateremshwe mahali kwa jina la mumewe aliyefia hapo? Hakuweza. Alikuwa anapitiliza mpaka kituo cha mbele, anashuka na mzigo wake, anarudi kwa miguu. Mvua, jua, anarudi kwa miguu. Na nyumbani kwake jina lile halikutajwa. Alimzaa binti, akamwita Namsifu, akamlea, na kila ilipobidi kumtaja baba yake alisema "marehemu", basi.

Miaka ikaenda. Magari mengine yalianguka pale, lakini jina lilikuwa limeshawahiwa.

Mtasema, wanakijiji nao walikaa tu? Hawakukaa! Nani kasema sisi Wapare tunakaa? Kila baada ya masika pembe ilipulizwa, watu wakaitwa msaragambo, kazi ya wote, asiyekuja anatozwa faini. Wakaja na majembe na makarai kutengeneza kona. Maji yalikuwa yanatuama upande wa ndani, chini ya kilima, basi wakajaza udongo na mawe upande wa ndani. Mwaka huu wakajaza. Mwaka uliofuata wakajaza. Kila mwaka wakajaza na kuimba juu yake, na kila mwaka upande wa ndani ukapanda na upande wa nje ukashuka, mpaka kona ikawa imelalia korongoni. Gari likiingia pale, barabara yenyewe inalisukuma nje. Walikuwa wanaitengeneza kwa moyo safi kabisa, masikini, na wanaiharibu kwa moyo huo huo.

Ndipo akaja injinia.

Injinia alikuwa mwanamke, Agripina, Mhaya, mrefu, ana haraka hata akiwa amekaa. Ofisi ya barabara ilimtuma aje aseme kibao kibandikwe wapi. Kibao cha "Punguza Mwendo", hicho tu. Akaitembelea kona kutwa nzima, akapima, akalala kifudifudi barabarani kuangalia, wanawake wakadhani amezirai. Aliporudi ofisini akamwambia mkuu wake, "Kibao hakitoshi."

Mkuu akasema, "Madereva wakipunguza mwendo kitatosha."

"Vibao viliwekwa pale. Kimoja sasa ni mlango wa banda la kuku. Kingine kinaanikiwa mihogo. Na hata vingekuwepo, mzee, kona yenyewe ni mbaya. Imekunjwa sana, inaanza ghafla, haionekani, na imelala upande usio wake. Mtu akikosea kidogo tu inamuua. Mimi nataka kona ambayo mtu akikosea kidogo, inamsamehe."

"Hiyo inataka kukata kilima."

"Basi tukate kilima."

"Agripina, weka sahihi kwenye kibao, tuendelee na kazi nyingine."

"Siweki."

Hakuweka. Waliitana, walifokeana, akaambiwa atahamishwa, akasema nihamisheni, lakini kona hiyo kwanza. Wakakubali akate kilima, na barua ya uhamisho wakaanza kuiandika siku hiyo hiyo. Kazi yake iliisha kwa kona ile na yeye akapelekwa mbali, mahali pa joto na nzi. Hayo aliyajua tangu mwanzo, na akafanya.

Lakini kilima kilikuwa na mwenyewe. Nimewaambia, migomba ya Mzee Mrutu. Na kipande kile hakikuwa kipande hivi hivi. Mzee Mrutu alikuwa amekigombea na mdogo wake kwa kesi. Nyie mnatujua kwa kesi, mnatucheka, chekeni tu. Kesi hiyo ilikwenda kwa mwenyekiti, ikaenda kata, ikaenda mjini, mashahidi wengine walikufa wakiwa bado hawajaitwa. Mzee Mrutu amezeekea humo. Na hatimaye akashinda! Akapanda masale ya mpaka kwa mikono yake, anapita kila asubuhi kuyaangalia yameamkaje. Furaha haijapoa, injinia huyo mlangoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, binti. Karibu. Umekuja kuona shamba langu?"

"Nimekuja kuliomba."

"Lipi?"

"Lile la konani. Nataka kukata kilima ili kona ifunguke, dereva aone mpaka mwisho wake."

Mzee Mrutu alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaacha kucheka. "Binti, kaa chini," akasema. "Unajua kipande hicho kimenila miaka mingapi?"

"Nimesikia, baba."

"Hujasikia. Nenda ukakate kilima cha mdogo wangu."

Injinia hakubishana. Aliuliza tu, "Siku lori la tangawizi lilipoanguka, wewe ulikuwa wapi?"

Mzee alikuwa shambani, kwenye migomba hiyo hiyo. Alizisikia honi mbili, moja ya anayeshuka, moja ya anayepanda, na yeye katikati alijua kwamba hawaonani, na hakuwa na la kufanya. Yeye ndiye wa kwanza kushuka korongoni. Hayo hakumwambia injinia. Alimwambia aende zake. Lakini asubuhi iliyofuata watu walimkuta na panga, anaikata migomba mmoja baada ya mwingine, machozi yanamtoka na matusi yanamtoka, anaitukana migomba, anamtukana mdogo wake, anamtukana injinia na mama yake injinia. Akayang'oa na masale. Na fidia hakudai. Mpare, hakudai fidia! Naona hata nyie mmeshtuka.

Basi kilima kikakatwa. Kona ikafanywa pana, ya kuingia pole pole, haikukamati ghafla. Na ikalazwa upya: upande wa nje, wa korongoni, ukainuliwa, upande wa ndani ukateremshwa, mfereji ukachimbwa chini ya kilima uchukue maji. Injinia akaondoka siku chache kwenda kutafuta kokoto za kumalizia juu.

Wanakijiji wakaja kuangalia. Wakainamisha vichwa hivi. Wakainamisha vichwa vile.

"Imepinda," mmoja akasema.

"Imepinda kabisa. Huku juu, kule chini."

"Wametuona washamba. Sisi tumejaza huku ndani miaka yote, wao wamekuja kufukua!"

Mwenyekiti akapandwa na hasira. Pembe ikapulizwa. Msaragambo! Kesho alfajiri kila mtu na jembe lake, tunaenda kuisawazisha.

Sasa Nakiete. Nakiete alikuwa ameshamuuliza injinia jambo hilo hilo, kabla yao wote. Alimwendea barabarani akamwuliza bila salamu ndefu:

"Wewe ndiye umeipinda hii barabara?"

"Ndiyo mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mume wangu alifia hapa."

"Najua, mama. Ndiyo maana nimeipinda."

Nakiete hakuelewa, na hakuwa mtu wa kujifanya ameelewa. Injinia akamwambia, "Jitwishe ndoo ya maji, uizunguke nyumba yako mbio."

"Na umri huu?"

"Kimbia tu, mama."

Akakimbia. Mara ya kwanza alijinyoosha wima, kama anayepita mbele ya wazee wa kanisa, na alipokata kona ya nyumba maji yalimmwagikia bega la nje, akalowa mpaka kiunoni. Namsifu alicheka akakaa chini. Mara ya pili alikasirika, akakimbia kwelikweli, na mwili wenyewe, bila kuuambia, ukalala kuelekea ukutani. Maji yakatulia.

"Umeona?" injinia akasema. "Mwili wako unajua kulala ndani. Gari halijui. Basi barabara lazima ilale kwa niaba yake."

Nakiete akasimama pale akitiririka maji. Akauliza, "Kwa hiyo ile waliyokuwa wanajaza..."

"Ndiyo, mama."



Basi alfajiri ya msaragambo watu walipofika na majembe, walimkuta Nakiete amekaa kwenye kigoda, juu ya ule upande ulioinuliwa.

Mwenyekiti akasema, "Mama Namsifu, tupishe tufanye kazi."

"Hampigi jembe hapa."

"Hii ni kazi ya kijiji."

"Kijiji kimeshafanya kazi hapa miaka yote. Imetosha."

"Unajua adhabu ya asiyekuja msaragambo?"

"Mimi nimekuja. Nimewahi kuliko wewe."

Watu wakaguna. Kutokwenda msaragambo ni kosa, sawa, lakini kuuzuia? Halikuwahi kutokea. Wazee walimsihi, akakaa. Vijana walimkaripia, akakaa. Mwenyekiti alipiga jembe karibu na miguu yake kumtisha, akakaa, ingawa walio karibu waliona kigoda kinatetemeka. Jua likapanda. Wanawake wakaanza kuweka majembe chini mmoja mmoja, maana nani atampiga jembe mjane wa watu mahali alipofia mumewe? Wakarudi makwao wanamsonya. Injinia akarudi, akamwaga kokoto, akashindilia, kona ikawa imekamilika.

Lakini walimwadhibu. Walimtoza kuku wake, hilo dogo. Kubwa ni kwamba walimnyima zamu ya maji ya ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia, msimu mzima. Maharage yake yakakauka anayatazama. Na msimu huo mzima hakuna aliyeingia kwake kumwuliza ameamkaje.

Mmechoka? Hamjachoka. Haya, shikeni roho zenu sasa.

Siku moja kwaya ya Changuku ilialikwa kuimba tambarare. Walipanda kosta ya dereva mmoja, Elinihaki, mtu wa makamo, mwangalifu. Namsifu alikuwamo, sasa ni msichana mkubwa, ndiye sauti ya kwanza. Waliondoka kijijini wanaimba. Walipofika kwenye ule mnyoofu mrefu unaoshuka, Elinihaki akakanyaga breki, breki ikaenda mpaka chini. Akakanyaga tena. Hakuna kitu. Akajaribu gia, gia ikakataa kuingia. Gari likaanza kushika kasi.

Akaibana honi. Hakuiachia.

Nakiete alikuwa shambani kwake. Akaisikia honi. Akainua kichwa akaona kosta ya kwaya, ile aliyempandisha binti yake asubuhi kwa mkono wake, inakuja na mnyoofu ule kwa kasi ambayo hakuna anayekuja nayo pale akapona. Jembe likamponyoka. Akajitia khanga mdomoni akauma.

Kosta ikaingia konani.

Ikaingia, na ikainama ndani. Changarawe ikaruka, vumbi likafunika kila kitu, Nakiete haoni, anasikia honi tu. Anasikia honi. Bado anasikia honi! Mtu akishaanguka korongoni honi inakatika, hilo alilijua. Hii haikukatika. Ikapita, ikaenda mbele, ikasogea mbali, na kule kwenye kipandio cha Kona ya Sabuni gari likaishiwa nguvu lenyewe, likaserereka likajichomeka kwenye lundo la kifusi la watengeneza barabara, likatulia. Ndipo honi ikanyamaza.

Ah! Jamani! Pumueni, mbona mmeshika mashavu? Wamepona! Wote!

Walishuka wakitetemeka, wengine wanacheka, wengine wanalia, wengine wanafanya yote mawili kwa mpigo. Besi mmoja, mwanamume mwenye kifua kipana hivi, alikuwa amezimia, wakampepea kwa vitabu vya nyimbo. Mwalimu wa kwaya alikuwa bado amesimama anaongoza kwa mkono, hajui kwamba wimbo umekatika. Elinihaki alishikilia usukani na vidole vikakataa kufunguka, ikabidi wamfungue kimoja kimoja. Na Nakiete akafika mbio, ndala moja mguuni, nyingine sijui iliachwa wapi, akamkamata Namsifu, akamgeuza huku, akamgeuza kule, akamkagua kichwa, mikono, magoti. Mzima. Halafu mnajua alichosema? Alimfokea!

"Ndiyo viatu gani hivi umevaa safarini?"

Kisha akamkumbatia, wakakaa chini pale pale kwenye kifusi, wakalia mpaka wakachoka. Siku hiyo Changuku haikulala mapema. Watu walichinja, walipika, hata Mzee Mrutu na mdogo wake walionekana wamekaa benchi moja, ingawa mmoja kila upande.

Asubuhi Elinihaki akaitwa aeleze mbele ya watu. Akasema hivi:

"Nilipotokea juu, niliiona kona nzima mpaka mwisho wake. Niliona hakuna gari linalopanda, basi nikachukua njia yote. Ingekuwa zamani, migomba ingenificha, ningebaki kubahatisha. Hilo moja. Nikaingia, na kona haikunikata ghafla. Usukani ulikwenda taratibu, pana, kama mtu anayenishika mkono. Ingekuwa zamani, ningeshindwa kugeuza. Hilo la pili. Halafu katikati, gari likataka kutoka. Nililisikia kabisa linataka kutoka. Nikahisi magurudumu ya nje yameinuliwa, gari likalala ndani, likakaa. Pangekuwa pamesawazishwa, tungeenda. Kimoja tu kingekosekana, leo mngekuwa mnachimba makaburi, na sijui mngeanza na la nani."

Mwenyekiti akatazama chini. Na niseme haki yake: alisimama mbele ya watu wote akamwomba Nakiete radhi, na zamu ya maji ikarudi siku hiyo hiyo.

Sasa, ofisi ya barabara ilikuwa imeanza kuweka vibao vya majina ya kona. Akaja fundi na kibao cheupe, brashi na rangi nyeusi. Akauliza, "Hapa niandike nini?"

Watu wakasema, mahali hapa hapawezi kuitwa kwa kifo tena. Hapa watu wamepona. Apewe jina aliyetuponya. Ikawa heshima ambayo haikuwahi kuwapo kwenye barabara ile, kona kuitwa jina la mtu aliye hai. Mkutano ukaitishwa, fundi akaambiwa arudi siku hiyo, na injinia Agripina, ambaye alisikia habari huko alikohamishiwa, akapanda mabasi akaja.

Mzee Mrutu akasimama wa kwanza, kama mlivyotegemea. "Andika Kona ya Mrutu. Dereva ameona kwa sababu yangu. Injinia angechora mpaka kesho, bila ardhi yangu angeikata kona wapi, hewani? Mimi nimetoa kitu nilichokigombea ujana wangu wote, na sikudai chochote. Nadai hiki tu."

Bibi mmoja akamwuliza, "Baba Mrutu, huogopi? Jina la mtu aliye hai halijawahi kukaa konani."

"Nina kesi mbili mahakamani. Kifo kitangoja zamu yake."

Watu wakacheka. Injinia akasimama.

"Mimi sikuja kugombana," akasema, "lakini nikinyamaza nitakuwa mwongo. Ardhi ya mzee ingekuwepo, na kona ingebaki mbaya, kama hakuna aliyejua ubaya wake uko wapi. Niliambiwa nibandike kibao nikalale. Nilikataa, na kukataa kwangu nimekulipia. Nimejenga barabara nyingi, na hakuna mahali popote palipoandikwa jina la aliyechora. Dereva hutukumbuka siku anayotulaani. Mara moja tu, natamani kukumbukwa kwa watu waliofika nyumbani."

Mwenyekiti akasema, "Na mimi nasema iandikwe Kona ya Nakiete. Mzee alitoa, injinia alichora, ni kweli. Lakini sisi tungevibomoa vyote asubuhi moja. Nilikuwa na jembe mkononi mimi mwenyewe. Mwanamke mmoja na kigoda chake ndiye aliyetuzuia, na tukamlipa kwa kumkaushia shamba."

Watu wakapiga makofi mengi. Wakamtazama Nakiete. Nakiete akasimama pole pole.

"Asanteni," akasema. "Jina langu silitaki pale. Mwandikeni mzee, mwandikeni injinia, wote wamestahili, sitanuna. Mimi nilikaa kwenye kigoda kile kwa jambo moja. Nataka siku moja nipande gari, konda asimtaje mume wangu. Nishuke mlangoni kwangu kama watu wengine. Mfuteni. Hilo ndilo ninaloomba, na nadhani nimelifanyia kazi."

Hakuna aliyepinga. Nani apinge? Fundi akachovya brashi.

Ndipo Namsifu akaomba nafasi. "Shikamooni wazee," akasema. "Mama, unisamehe. Baba alipokufa mimi nilikuwa tumboni. Sijui alivyocheka. Sijui alivyotembea. Nyumbani hatajwi, na simlaumu mama, najua kwa nini. Lakini tangu nikiwa mtoto, nikipanda gari, nikifika pale, konda anapaza sauti, 'Senkondo!' Na mimi huwa naitikia. Hata nisiposhuka, huwa naitikia moyoni. Ni mahali pekee duniani ninaposikia mtu akimwita baba yangu. Na majuzi nimepita pale na nimepona. Mkimfuta, nitamsikia wapi?"

Nakiete akamtazama binti yake. Hakuwa akilijua hilo. Miaka yote hiyo nyumba moja, na hakuwa akilijua.

Mzee Mrutu akakaa. Injinia akatoa miwani akaifuta, akaivaa, akaitoa tena. Fundi alisubiri mpaka rangi ikaanza kukauka kwenye brashi, akakisimamisha kibao konani kikiwa cheupe vilevile, akaondoka.

Na mpaka leo ni cheupe. Magari yanapita, yanainama ndani, yanakwenda zake salama, hakuna aliyeanguka pale tangu siku hiyo, Mungu ashukuriwe. Makonda wakifika hapo hawajui waseme nini, wanagonga bodi tu, mwenye kushuka anashuka. Nakiete anashukia mlangoni kwake sasa. Namsifu anapita amenyamaza.

Haya, mimi nimemaliza, zamu yenu. Na msinijibu kwa haraka, maana mama na binti wale wanakula chungu kimoja, na mtakalolisema mmoja wao ataliweka moyoni. Aliyetoa ardhi yuko. Aliyekataa kuweka sahihi yuko. Aliyekaa kwenye kigoda yuko, na ameomba jambo moja tu. Na yuko yule ambaye hawezi kuja mkutanoni kujisemea. Brashi ingekuwa mkononi mwako wewe, ungeandika nini kwenye kibao kile? Je, nani alistahili?